Olivér Halassy: alipoteza mguu kwenye tramu, akawaacha mabeki wa dunia nyuma

KAMINA – Mji wa Kamina ulikua kando ya reli. Mwaka wa 1928 njia ya BCK kutoka Bukama ilifika Port-Francqui, mji tunaouita leo Ilebo, na Kamina ikawa kituo katika safari hiyo ndefu. Tangu hapo treni imewalisha wengi hapa, na imewaumiza wengine. Anayekaa karibu na stesheni anawajua watoto wanaocheza kati ya mabehewa, anawajua vijana wanaodandia treni ikiwa tayari inatembea, na mara nyingi anamjua pia mtu aliyebaki na mguu mmoja.

Mwezi wa nane wa mwaka huo huo wa 1928, mbali sana na Kamina, kijana aliyetimiza miaka 19 siku chache tu kabla aliingia katika pisini ya michezo ya Olimpiki mjini Amsterdam, Uholanzi. Mguu wake wa kushoto uliishia chini ya goti. Tramu iliukata alipokuwa mtoto. Hakuja kuhurumiwa: alikuja kucheza polo ya majini katika ekipe ya taifa ya Hungaria, mchezo ambao, kwa wanaoujua, unadai miguu kama vile mpira wa miguu unavyoidai. Alirudi nyumbani na medali ya fedha. Baadaye akaongeza mbili za dhahabu.

Jina lake ni Olivér Halassy. Huku kwetu wachache wanamjua, lakini katika Hungaria, inchi ambayo polo ya majini ina heshima kubwa kuliko karibu michezo yote, jina hilo halihitaji maelezo.

Alizaliwa tarehe 31 mwezi wa saba 1909 katika Újpest, mji wa viwanda uliopakana na Budapest na ambao leo ni sehemu ya mji huo mkuu. Jina la ukoo alilozaliwa nalo lilikuwa Haltmayer, lenye sauti ya Kijerumani. Baadaye likawa Halassy. Katika lugha ya Kihungaria, neno hal maana yake ni samaki. Huenda ni bahati tu, lakini waandishi wa michezo wa zamani wasingeweza kutamani jina zuri zaidi kwa mwogeleaji.

Hungaria ya utoto wake ilikuwa inchi iliyojeruhiwa. Ilikuwa upande ulioshindwa katika vita ya kwanza ya dunia, na mkataba wa Trianon wa mwaka wa 1920 uliinyang'anya karibu theluthi mbili za ardhi yake. Lakini maji yake ya moto, yanayotoka chini ya ardhi ya Budapest, hayakuondoka. Watu waliogelea hata wakati wa baridi. Mtoto wa Újpest aliyekatwa mguu alipata mahali pake huko, katika klabu ya UTE ya mji wake, ambako alichezea polo na kushindana katika mbio za kuogelea.

Wengi wetu hatujauona mchezo huu kwa macho, kwa hiyo tueleze kidogo. Kila upande una wachezaji saba ndani ya maji, mmoja wao golikipa. Ukiacha golikipa, hakuna anayeruhusiwa kushika mpira kwa mikono miwili kwa wakati mmoja, wala kukanyaga chini ya pisini. Maana yake ni kwamba mchezaji anaelea muda wote, na kinachomshikilia juu ni miguu. Inazunguka chini yake bila kukoma, mguu huu ukifuatwa na ule, nyayo zikisukuma maji kama makasia. Anapotaka kutupa mpira golini, anaipiga kwa nguvu ili kifua kitoke nje ya maji. Anayebakiwa na unyayo mmoja amepoteza kasia moja kati ya mawili.

Sasa ongeza beki. Katika mpira wa miguu, beki anakufuata. Katika polo ya majini, anakulalia. Kifua chake kiko mgongoni mwako, mkono wake uko kiunoni mwako, na mengi yanayotendeka chini ya maji mwamuzi hayaoni. Mpira ukija ukiwa umebanwa namna hiyo, huwezi kuutupa popote. Ndiyo maana jambo la kwanza ambalo mshambuliaji yeyote anafundishwa ni kujinasua: kupata nafasi ya mita moja, hata nusu mita, kati ya mwili wake na mwili wa beki, kwa muda unaotosha mpira kufika mkononi. Bila nafasi hiyo, hata mwenye mkono wenye nguvu kuliko wote duniani hana faida kwa ekipe yake.

Nafasi hiyo haipatikani kwa kusukuma. Kumsukuma beki kwa mkono au kumpiga teke ili upate mwendo ni kosa. Inapatikana kwa kumdanganya juu ya mwendo na mwelekeo. Mchezaji anaogelea kwa kasi kuelekea golini, beki anamfuata kwa hofu ya kuachwa; ghafla anavuta magoti chini ya tumbo, anarudisha nyonga nyuma, anasimama, na beki anapitiliza. Au anafanya kinyume chake: anaelea kama aliyechoka, kisha anachomoka.

Kuna siri nyingine ambayo wavuvi wa Kisale na wa Upemba, hapa hapa katika jimbo letu la Haut-Lomami, wataielewa haraka kuliko mashabiki wa viwanjani. Mtu aliyesimama wima ndani ya maji na mtu aliyelala juu ya maji hawaanzi mbio pamoja. Aliyelala anavuta mkono mmoja na tayari ameondoka. Aliyesimama lazima kwanza ainue nyonga na miguu yake iliyozama. Kwa hiyo mshambuliaji mwerevu haangalii macho ya beki, anaangalia nyonga zake. Zikishuka, ndiyo saa ya kwenda. Beki anaweza kuwa na miguu miwili mizima, lakini kwa muda huo ni kama amepandwa ndani ya maji.

Halassy aliwashinda hapo. Alicheza katikati, nafasi ya kiungo, kati ya ulinzi na ushambuliaji. Kiswahili chetu kina mzaha wake hapa: mtu aliyekosa kiungo kimoja cha mwili ndiye aliyekuwa kiungo cha ekipe. Kazi ya mtu wa nafasi hiyo ni kukaba, kupora mpira, kisha kuondoka kwenda upande wa pili kabla adui hajageuka, na kurudi tena. Ni kazi ya mapafu. Na Halassy alikuwa na mapafu ya muogeleaji wa mbio ndefu.

Katika mashindano ya ubingwa wa Ulaya ya mwaka wa 1931 mjini Paris alishinda mita 1500 mtindo huru, mbio ndefu kuliko zote za pisini. Washindani wake walikuwa na miguu miwili. Katika mashindano hayo hayo alipata dhahabu ya polo ya majini pamoja na ekipe ya Hungaria. Nyumbani alikuwa bingwa wa taifa mara nyingi katika mbio mbalimbali.

Ushindi huo wa mita 1500 unaeleza mengi. Katika mbio ndefu, mikono na mabega ndiyo yanayofanya sehemu kubwa ya kazi. Miguu inasaidia zaidi kuuweka mwili sawa. Mtu asiye na unyayo mmoja anapoteza kidogo huko. Kwenye polo, anaposimama wima akibanwa, anapoteza sana. Ukiviweka pamoja vitu hivyo viwili, unaona busara ya mchezo wake: kukaa wima muda mfupi iwezekanavyo, kubaki amelala juu ya maji, mwenye mwendo, na kuufanya mchezo uwe mbio. Beki aliyetaka kushindana naye kwa miguu ilimbidi kwanza amfikie.

Kanuni za wakati ule zilimpa nguvu zaidi. Mechi ilikuwa na vipindi viwili vya dakika saba, saa ikisimamishwa mpira unaposimama, na hakukuwa na kubadilisha wachezaji. Walioanza ndio waliomaliza. Leo kocha anamtoa aliyechoka baada ya dakika chache. Wakati ule uchovu wa beki ulikuwa mali ya mpinzani wake. Tena, filimbi ya kosa ilipolia, wachezaji walitakiwa kubaki pale walipo mpaka mpira uchezwe upya. Kanuni hiyo iliondolewa baada ya vita ya pili ya dunia. Fikiria maana yake: uliyekuwa umeachana na beki wako kwa mita mbili filimbi ilipolia, ulibaki na mita zako mbili kama zawadi. Uliyekuwa umebanwa, ulibaki umebanwa. Nafasi ilipaswa kutafutwa kabla ya kuhitajika, na anayeogelea bila kupumzika ndiye aliyekuwa nayo mara nyingi.

Hatuwezi kumtaja Halassy bila Béla Komjádi, mwalimu aliyeijenga ekipe ile. Kabla yake, timu nyingi zilicheza kwa kuangusha mpira juu ya maji karibu na mwenzao, naye akauokota. Mpira wa wakati ule ulikuwa wa ngozi, ukanywa maji na kuwa mzito. Komjádi alitaka mpira utoke mkononi na kufika mkononi ukiwa hewani, haraka, bila kugusa maji. Wazo lenyewe ni rahisi kulieleza. Lakini linadai kwamba yule anayepokea awe tayari amejinasua, kwa sababu mpira wa hewani haumsubiri mtu aliyekabwa. Kwa hiyo Wahungaria walifundishwa kuogelea kwanza bila mpira. Komjádi alikufa mwezi wa tatu 1933, ndani ya pisini, akiwa kazini. Alikuwa ameshaiona dhahabu.

Dhahabu hiyo ilitoka Los Angeles mwaka wa 1932. Kulikuwa na shida kubwa ya uchumi dunia nzima, safari ilikuwa ya meli na kisha ya treni kuvuka Marekani, na ekipe tano tu ndizo zilizojitokeza. Hungaria iliilaza Ujerumani 6-2, ikaifunga Marekani 7-0, ikaichapa Japani kwa magoli zaidi ya 15 bila jibu. Brazili iliondolewa baada ya wachezaji wake kumvamia mwamuzi katika mechi yao na Ujerumani. Kwa Halassy ilikuwa pia kulipa deni, kwani Ujerumani ndiyo iliyowanyima dhahabu Amsterdam, 5-2 baada ya muda wa nyongeza.

Berlin, mwaka wa 1936, ilikuwa jambo jingine. Utawala wa Hitler ulitaka kuonyesha dunia miili ambayo uliiona kuwa kamili. Tangu mwaka wa 1933 ulikuwa na sheria ya kuwahasi watu uliowahesabu kuwa na magonjwa na kasoro za kurithi, na kuanzia 1939 ungeanza kuwaua walemavu kwa maelfu. Mbele ya utawala huo, katika pisini yake, alisimama mtu wa mguu mmoja akiwa na rangi za Hungaria, ndani ya ekipe iliyokuwa na Wayahudi pia, akiwemo golikipa György Bródy.

Hungaria na Ujerumani walitoka 2-2 katika kundi la mwisho. Wote wawili walikuwa wamezifunga Ubelgiji na Ufaransa. Wajerumani walikuwa na magoli 14 ya kufunga na 4 ya kufungwa. Wahungaria 10 kwa 2. Kwa hesabu tunayoitumia leo katika ligi zetu, ya kutoa magoli ya kufungwa kutoka yale ya kufunga, Ujerumani ingekuwa na 10 na Hungaria 8, na dhahabu ingebaki Berlin. Lakini kanuni ya wakati ule ilikuwa ya kugawanya. Kumi kugawanywa kwa mbili ni tano. Kumi na nne kwa nne ni tatu na nusu. Ulinzi ndio uliowapa Wahungaria ubingwa, na kiungo ni mtu wa ulinzi kabla ya kuwa mtu wa magoli. Medali ya shaba ilikwenda kwa Ubelgiji, inchi iliyokuwa ikiitawala Kongo yetu wakati huo. Wahungaria walikuwa wameifunga 3-0.

Halassy alichezea taifa lake mechi takriban 90. Aliongeza ubingwa wa Ulaya wa 1934 mjini Magdeburg, na wa 1938 mjini London. Kisha vita ikafunga mapisini.

Vita iliitawanya ekipe ile. Bródy, golikipa, alihamia Afrika Kusini baada ya vita na kufia Johannesburg mwaka wa 1967. Márton Homonnai, mwenzao wa dhahabu mbili, alijiunga na chama cha mafashisti wa Hungaria, akakimbia, akafia Argentina. Watu hao wawili walikuwa wametupiana mpira katika pisini moja kwa miaka mingi. Halassy alibaki nyumbani.

Budapest ilizingirwa kuanzia mwisho wa 1944 mpaka mwezi wa pili 1945. Jeshi la Kisovieti lililowafukuza Wajerumani lilikaa. Wanainchi walijifunza, kama wanavyojifunza wanainchi wa sehemu nyingi zilizojaa bunduki, kwamba mwisho wa vita uliotangazwa kwenye redio si lazima uwe umefika kwenye njia ya kurudi nyumbani usiku. Tarehe 10 mwezi wa tisa 1946, Olivér Halassy aliuawa karibu na nyumba yake na askari wa Kisovieti katika tukio la wizi. Alikuwa na miaka 37.

Alikufa kabla ya dunia kutengeneza uwanja kwa watu kama yeye. Miaka miwili baadaye, tarehe 29 mwezi wa saba 1948, siku ileile michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia Ujerumani, aliandaa mashindano ya majeruhi wa vita katika hospitali ya Stoke Mandeville. Kutoka hapo ilizaliwa michezo ya Paralimpiki, iliyoanza Roma mwaka wa 1960. Halassy hakuwa na mlango huo. Alipita katika mlango uliokuwepo, ule wa watu wote, na hakuna kanuni iliyolegezwa kwa ajili yake. Walioupitia baada yake ni wachache. Mmoja wao ni Mwafrika: Natalie du Toit wa Afrika Kusini, aliyekatwa mguu wa kushoto mwaka wa 2001 baada ya ajali ya pikipiki ndogo, akaogelea kilomita 10 katika Olimpiki ya Beijing mwaka wa 2008 na kuwa wa 16.

Katika mitaa ya Kamina, kijana aliyekatwa mguu kwa kawaida anapewa gongo, na mahali pa kukaa kando ya uwanja. Anapewa kazi ya kutazama. Mwandishi wa habari hii anaona kwamba hapo ndipo maisha ya Halassy yanapotugusa, kuliko kwenye medali. Klabu ya UTE haikumweka golini ili asiogelee sana. Ilimpa nafasi yenye kuogelea kuliko zote.

Mwaka wa 1956, miaka kumi baada ya kifo chake, Hungaria ilikutana na Umoja wa Kisovieti katika polo ya majini mjini Melbourne, wiki chache baada ya vifaru vya Kisovieti kuzima mapinduzi ya Budapest. Ilishinda 4-0, na mechi ilisimamishwa kabla ya muda, damu ya mchezaji Ervin Zádor ikimtiririka usoni. Mwaka wa 1978 jina la Halassy liliingizwa katika jumba la heshima la waogeleaji wa dunia, Florida. Újpest nako kuna pisini ya mji inayoitwa kwa jina lake.